Nadhiri ya Ba

Jumamosi, 2 Juni 2012

Phyllis, Msabato mwenzangu tunayesali nyumbani kwake, anasema mtu asiyeandika huku ughaibuni huishia kuongea na ukuta. Mimi nilishaanza kuongea na ukuta, kwa hiyo naandika.

Leo ni Sabato, niko kwake Al Sadd, hapa Doha, chai iko mezani na hakuna anayeniita "Sista!" kutoka chumba cha pili. Kazi yangu iko Al Thumama, katika nyumba ya Nilesh na mkewe Hetal, Wahindi wa Gujarati. Mgonjwa wangu ni mama yake Nilesh, ambaye sote tunamwita Ba. Ana sukari, ana presha, ana kidonda mguuni kinachopona kikijisikia. Nilesh alitafuta muuguzi Mkenya kwa sababu Ba alizaliwa Kisumu, akasimama nyuma ya kaunta ya duka la vitambaa hadi alipofiwa na mume, na Kiswahili ndiyo lugha anayopenda kugombeza nayo watu. Siku ya kwanza Nilesh aliniambia, kwa upole kabisa, kwamba mambo mengine yote ya nyumba yana wenyewe, sukari ya Ba ni yangu, na ikiharibika nitarudi Kisii na ndege ya kwanza.

Halafu kuna Hetal. Ana mimba, na hakuna anayelitaja neno hilo. Tatu zimeshamtoka. Hii imefika mwezi wa tano na hajanunua hata soksi ya mtoto. Daktari kamwambia alale, naye analala, na sisi wote tunatembea kwa vidole.

Jumatano, 6 Juni

Vumbi. Jua limekuwa jeupe na nyumba ya jirani haionekani. Ba amekula chapati mbili na kunigombeza kuhusu chai. Siku njema.

Jumapili, 10 Juni

Nimeongea sana leo. Ba alikuwa ameketi akisokota pamba yangu ya kusafishia kidonda iwe tambi za taa zake (wizi wa mchana, na hafichi), akaniuliza mama yangu alifanya nini nilipougua utotoni. Nikamsimulia ile homa ya matumbo, jinsi mama alivyofunga siku kadhaa kwa maji matupu, na jinsi nilivyoinuka nikaomba ugali.

Mikono yake ilisimama.

"Mungu yako alisikia?"

"Alisikia, Ba."

"Kwa sababu mama alikata chakula?"

"Kwa sababu aliomba. Kufunga ni kumwonyesha Mungu kwamba huna mzaha."

"Ndiyo," alisema. "Mungu hapana penda mzaha." Akarudi kwenye pamba yake, na mimi nikaona nimehubiri vizuri.

Ijumaa, 15 Juni

Leo nimeingia hekalu la Wahindi, mimi binti wa mzee wa kanisa. Nilesh ana kazi, akanituma nimshike Ba mkono. Arnold, dereva wetu, Mganda, alitupeleka Muaither na kuzunguka katika nyumba zile za rangi ya mchanga mpaka nikadhani amepotea. Hekalu halina jina wala kibao. Ni nyumba ya kupanga yenye geti la chuma, na mzee mmoja ameketi kwenye kiti cha plastiki akiangalia nani anaingia. Viatu haviachwi nje. Vinavuliwa ndani ya geti na kufungiwa kabatini pamoja na mikoba ya ngozi, ili mpita njia asione viatu vingi akaanza kuuliza. Mapazia yamefungwa. Kengele ipo, lakini ulimi wake umeviringishwa kitambaa.

Nilijiandaa kuogopa sanamu. Kilichoniogopesha ni ule uimbaji wa chini chini. Watu wamejaa sebule, wanapiga makofi kwa ncha za vidole, na gari likipita nje wananyamaza kidogo, kisha wanaendelea. Nasi tunaimba hivyo hivyo kwa Phyllis, kwa kumwogopa mwenye nyumba.

Miungu yao imevalishwa hariri. Kuna mmoja mdogo, mtoto mchanga anayetambaa, ameshika donge la siagi. Ba aliomba kiti mbele ya huyo, na wengine hakuwatazama hata mara moja.

Mwishoni niligawiwa kitu kitamu cha unga na samli. Nikamkumbuka mtume Paulo na vyakula vilivyotolewa kwa sanamu, nikakifunga kwenye tishu. Garini nikampa Arnold.

"Na wewe, sista?"

"Mimi sili vya sanamu."

"Bannange, nyinyi Wasabato mna masharti! Njaa yangu mimi haiulizi chakula kimetoka wapi." Akakimaliza kwa mara mbili.

Nyuma, Ba alicheka. "Hii hapana mbaya, Nyanchama. Mungu nakula kwanza, halafu sisi nakula baki yake. Wewe kula kwanza, yeye bado, hiyo ndiyo mbaya."

Jumamosi, 16 Juni

Phyllis ameniuliza kama nilivua viatu. Nikasema nilivua. "Basi umeabudu." Nikamwambia hata nikiingia chumba cha upasuaji huvua viatu na sijawahi kumwabudu daktari. Hakucheka.

Ijumaa, 29 Juni

Nimefanya jambo la kijinga.

Wana taa ya samli wanayoizungusha mbele ya miungu, halafu inapitishwa kwa watu, kila mmoja anapitisha viganja juu ya moto na kujipaka usoni. Mimi husimama nyuma. Leo Ba alininyakua mkono, akaweka kiganja changu juu ya moto pamoja na chake, na hapo hapo akaniambia.

"Mimi nimeweka nadhiri. Mpaka Hetal kuzaa, mimi nakula mara moja tu kwa siku. Hapana chumvi, hapana unga, hapana mchele. Na siku ya kuzaliwa huyu mutoto," akaonyesha kile kimungu cha siagi, "hapana kitu. Hata maji. Wewe hapana ambia Nilesh. Sema ndiyo."

Moto ulikuwa unaunguza. Watu walikuwa wanangoja nyuma yetu. Nikasema ndiyo.

Sasa niko chumbani najitetea. Kwa imani yangu nimeapa mbele ya shaba na samli, yaani sikuapa popote. Lakini ndiyo niliyoitamka ni yangu, haikuwa ya shaba. Na ni nani aliyemfundisha kwamba kufunga ni kutofanya mzaha?

Jumatano, 4 Julai

Sahani inarudi na wali wote. Nilesh aliuliza, nikasema ni joto. Daktari nilimwambia kwa simu kwamba hamu ya chakula imepungua, ambayo ni nusu ya ukweli, naye akapunguza insulini. Nusu ya pili nimebaki nayo.

Jumanne, 10 Julai

Mtoto amecheza! Hetal alimwita mumewe, Nilesh akapanda ngazi mbili mbili, nami nikaitwa kuweka mkono. Teke la nguvu kabisa. Ndiyo mara ya kwanza kusikia Hetal akicheka tangu niingie nyumba hii.

Ba aliunganisha viganja kifuani akashukuru. Jioni, wakati wa mlo wake mmoja, alirudisha maziwa.

"Lakini maziwa unaruhusiwa, Ba."

"Jana ndiyo."

Jumapili, 15 Julai

Hetal amenunua soksi. Ba ameacha ndizi.

Ijumaa, 20 Julai

Ramadhani imeanza, na Ba anasema mwezi wao mtukufu nao umeanza leo leo. Jiji zima limefunga. Mimi nimekula mkate nikiwa nimesimama kwenye chumba cha kufulia, mlango nimeusukuma, nikitafuna polepole nisisikike. Sijui nilikuwa namficha nani.

Jumatano, 25 Julai

Joto. Nje huwezi kushika kitasa cha gari. Ba analala sana.

Jumatatu, 30 Julai

Asubuhi nilimkuta amelowa jasho, akaniita kwa jina la dada yake aliyekufa zamani. Sukari ilikuwa chini. Nilimbembeleza kwa juisi mpaka akakubali kwamba huo uwe ndio mlo wake wa leo. Bangili zake sasa zinapanda mpaka kwenye kiwiko.

Alipopata nguvu nilimwambia, "Ba, basi. Leo namwambia Nilesh."

"Ambia." Alisema bila hasira. "Nilesh atafungua mdomo yangu kwa nguvu. Halafu Hetal kupoteza mutoto. Wewe utamwambia Hetal nini?"

Nilikaa na swali hilo siku nzima. Zamani nilimwona Ba bibi mchokozi wa kuniibia pamba. Leo nimemwona kama mfanyabiashara aliyesimama kaunta miaka yote ile, na sasa anampigia Mungu bei, kila akipewa kidogo anaongeza dau ili asimkimbie. Namwogopa. Na la aibu zaidi, mimba ya Hetal inaendelea vizuri, na kuna sehemu yangu ndogo inayoogopa kugusa kitu.

Jumamosi, 4 Agosti

Nimemwambia Phyllis kila kitu. Amesema, "Wewe ni nesi ama ni kuhani wao?" Nikakasirika, nikaondoka kabla ya wimbo wa kufunga.

Ijumaa, 10 Agosti

Mikono yangu bado inanuka siagi.

Asubuhi nilimpima nikamwambia hatuendi. Alikuwa ameshavaa sari ya manjano, ameketi kitandani akinisubiri. Insulini sikumpa, hilo niliamua mwenyewe, ila vidonge vya kushusha sukari alivyomeza jana vilikuwa bado mwilini na figo zake si za kuharakisha kitu. "Hata maji, Ba?" "Hata maji." Alasiri nikakubali, Nilesh akatufungulia mlango akanishukuru kwa kumpeleka mama yake kwenye sikukuu. Ningeweza kumwambia pale pale, kwenye viatu. Juu, Hetal alikuwa akiimba.

Kwa desturi mungu huyu wa siagi huzaliwa usiku wa manane. "Hapa Doha nazaliwa mapema," Ba alinieleza garini, "majirani hapana penda kelele." Mwaka huu walichagua saa ya kufuturu, wakati barabara za Muaither ni tupu na kila mtu yuko mezani kwake. Adhana ya magharibi ikilia, pazia litafunguliwa, mtoto atakuwa amezaliwa. Atalishwa siagi na sukari kwanza, kisha wote waliofunga watakula.

Sebule ilijaa watu wameketi sakafuni goti kwa goti. Sisi tulikuwa mbele kabisa kwa sababu ya kiti cha Ba. Bembea ndogo ya fedha ilikuwa tayari, kamba yake imelazwa ili kila mwanamke aivute kwa zamu. Ba aliniambia atavuta mara mbili, yake na ya Hetal. Hewa ilikuwa nzito, kiyoyozi kinanguruma bila kufanya kazi, na wao wanaimba kwa ile sauti yao ya kuogopa.

Nikaona jasho juu ya mdomo wake. Nikamwita, akanijibu kwa Kigujarati. Nikamwita tena, akaniangalia asinijue, kisha kichwa kikaniangukia begani na mwili ukalegea. Glukosi ilikuwa mkobani, na mkoba ulikuwa kabatini na viatu, kule getini, nyuma ya watu wote wale. Mbele yangu, chini ya pazia, kulikuwa na bakuli la siagi nyeupe na sukari ya mawe.

Niandike jinsi ilivyokuwa. Dhamiri yangu iliniuliza swali moja tu, lile ililozoea: je, kimeshatolewa kwa sanamu? Hakijatolewa. Basi ni chakula tu, ni safi. Nikatumbukiza vidole, nikampaka Ba ndani ya shavu, tena na tena, nikimsugua koo ameze.

Nilipoinua kichwa uimbaji ulikuwa umekatika. Mwanamke mmoja alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya sari. Hakuna aliyenifokea, na afadhali wangenifokea. Mama mmoja alilichukua bakuli lile kwa mikono miwili na kulitoa nje, uso ameugeuza pembeni. Hapo ndipo nilipokumbuka maneno ya Ba ya siku ile ya kwanza garini, kwamba mungu anakula kwanza. Nilikuwa nimemvunjia nadhiri yake na kuwanajisia sadaka yao kwa vidole hivi hivi, nikiwa na dhamiri nyeupe.

Ba alifumbua macho. Ulimi wake ulipita kwenye mdomo, ukaonja. Nilimwona akielewa.

"Adhana?" aliuliza.

"Bado, Ba."

Haikupita muda ikalia, kutoka misikiti yote ya mtaa. Pazia likafunguliwa. Wanawake walivuta kamba ya bembea mmoja mmoja, na zamu ya Ba ilipofika alirudisha mikono yake kwenye sari, kamba ikampita.

Arnold aliturudisha bila kuwasha redio.

Jumamosi, 11 Agosti

Nilesh amenishukuru mpaka nikaona haya. Anadhani ni joto. Phyllis naye kasema nimeokoa roho ya mtu na Mungu atukuzwe. Wote wawili wana haki ya kusema hivyo. Nimelala vibaya.

Jumatatu, 13 Agosti

Ba anakula kidogo, mchana na jioni, wali kwa chumvi. "Nadhiri imekwisha," alisema. "Sasa nangoja."

"Unangoja nini, Ba?"

Alinitazama kana kwamba swali lile ni la mtoto.

Jumapili, 19 Agosti

Idi. Watoto wa jirani wamevaa nguo mpya. Hetal amemtuma Arnold kuchukua kitanda cha mtoto dukani, kimekuja katika sanduku, bado hakijaunganishwa. Ba aliomba sanduku lisipite mbele ya mlango wake.

Jumatano, 22 Agosti

Unyevu. Madirisha yanatoa maji kwa nje. Hetal mzima, nimempima presha mwenyewe bila kuombwa. Usiku nimekwenda kusikiliza mlangoni kwake mara kadhaa, mimi ninayesema siamini.

Ijumaa, 24 Agosti

Hetal aliguna, hakupiga kelele. Nilimkuta bafuni, damu imefika mlangoni. Nilimlaza ubavu, nikamwinua miguu, nikampigia Nilesh na ambulensi, nikamshika mkono mpaka walipokuja. Alikuwa akiniuliza jambo lile lile, "Sista, anacheza? Sista, sikia kama anacheza." Niliweka mkono. Nikamwambia asiongee, atulie.

Nilipopita chumbani kwa Ba alikuwa ameshazima taa ya miungu yake.

Jumamosi, 25 Agosti

Msichana. Hakupumua. Hetal ataishi.

Sikwenda kanisani.

Jumanne, 28 Agosti

Daktari alimweleza Nilesh, naye akaja kunieleza mimi, kwa kuwa alihitaji kumweleza mtu. Kondo la nyuma lilibanduka kabla ya wakati. Hutokea, hasa kwa aliyewahi kupoteza mimba. Hakuna aliyekosea. Siagi haibandui kondo. Najua hivyo, nimesomea hivyo, na nimeandika hapa ili kesho nisome tena.

Alhamisi, 30 Agosti

Hetal amerudi. Mchana alikuja chumbani kwa Ba, akiegemea ukuta, akakaa mwisho wa kitanda. Nilikuwa nimeshika trei. Waliongea Kigujarati, lakini mengine yalieleweka bila kamusi. Alikuwa akijihesabia makosa: alipanda ngazi, alikula papai, alinunua soksi. Kila alipotaja kosa Ba alitikisa kichwa kukataa. Mwisho Ba alisema sentensi fupi, polepole, akijigonga kifua kwa kidole.

Hetal alisimama akatoka, akiushika ule ukuta.

"Umemwambia nini, Ba?"

"Ukweli. Mimi naweka nadhiri kwa mutoto yake, halafu mimi nakula mbele ya mungu."

"Hukula! Ulikuwa umezimia. Mkono ulikuwa wangu. Kwa nini hukumwambia ni mimi?"

"Wewe, Nilesh nafukuza kesho," alisema. "Mimi ni mama yake. Mama hapana fukuzwa."

Nililia mbele yake, jambo ambalo muuguzi hafanyi. Nimempenda huyu bibi, na nimemtia doa ambalo sabuni yangu haitoi. Kesho nitamwambia Hetal.

Ijumaa, 31 Agosti

Asubuhi Hetal hakumgusa Ba miguu kwa heshima, salamu anayompa kila siku. Alipita mlangoni akitazama mbele.

Ba amekula kila kitu. Chapati, dengu, wali, maziwa ya mtindi. Nikileta kijiko anafungua mdomo kabla hakijafika, na macho hayatoki kwangu. Nikimwambia imetosha, anauliza, "Wewe nataka mimi kula zaidi?" Nikisema ndiyo, anakula zaidi. Sukari yake ni nzuri kuliko wakati wowote tangu nianze kazi hapa, na Nilesh ametaka kuniongezea mkataba.

Jioni Hetal alikuja kunitafuta jikoni. Tulikuwa wawili tu. Nikafungua mdomo. Yeye akawahi: maziwa yanamtoka, akauliza kama nina bendeji pana ya kufungia kifua. Nikamfunga mwenyewe, kwa nguvu, ameinua mikono, akaniambia asante Sista, wewe peke yako ndiye uliyefanya kazi yako katika nyumba hii.

Kesho nitamwambia. Naona jana pia niliandika hivyo.